Lori Lililopita Dirishani

Kituoni, 14 Machi

Mpwa wangu Tasya,

Nakusalimu wewe, mama yako, na Bibi kule Kaluga. Namsalimu pia Klavdia wa chumba cha mawasiliano, kwa sababu barua hii inateremka kwa redio na kuchapwa na mtambo wake, na ni lazima aisome yeye kwanza ndipo uipate wewe. Klavdia, hujambo? Nakala ya mwisho uliyompa mpwa wangu ilikuwa na doa la chai. Ameniambia.

Huku juu angani tuko wazima. Juzi tuliaga lori la zamani, kile chombo cha mizigo kisicho na rubani. Tulilijaza takataka mpaka mlango ukakataa kufunga, Ildus akausukuma kwa mgongo huku mimi nikikaza komeo. Likajitenga, likashuka, likaungua juu ya bahari ya kusini kama ilivyopangwa. Sasa mlango ule wa nyuma uko wazi unasubiri lori jipya, na chakula kitamu kimekwisha. Tumebaki na nyama ya makopo na jibini isiyokuwa na ladha ya kitu chochote.

Ildus ni mfanyakazi mzuri, mwambie mtu yeyote atakayekuuliza. Ila kuendesha lori kwa mkono bado. Kila Jumanne tunakaa mbele ya skrini ya mazoezi, mpini wa kushoto wa kusogeza, wa kulia wa kugeuza, na mimi namfundisha kama nilivyowafundisha wengine kumi na tano kabla yake. Wiki iliyopita nilimwambia, "Unaushika mpini kama unamkamua ng'ombe." Akanijibu bila kugeuka, "Kamanda, kwetu Kazan ng'ombe tulikuwa naye, na hakuwahi kulalamika."

Bibi anasemaje? Mwambie nakula. Lori likija, naomba vitunguu saumu, vitunguu maji, na yale matango yake ya chumvi. Asitie kwenye chupa ya kioo, watamrudishia.

Mjomba wako,
Kesha


Podlipki, 3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Klavdia anasema doa lile halikuwa la chai, lilikuwa la supu, na kwamba ukiendelea kumchongea atakuchapia barua zako bila nafasi kati ya maneno.

Nyumbani hakuna jambo baya. Theluji imeanza kuchafuka barabarani. Mama mgongo umempa nafuu. Bibi amepanga miche ya nyanya kwenye kila dirisha, hata la chooni, na mtu akitaka kuoga lazima aombe ruhusa. Nilikwenda kumwona Jumapili. Alinikalisha, akanipa uji wa ngano nyeusi wenye uyoga, kisha akanihoji kama mwendesha mashtaka.

Habari yangu mwenyewe ni kwamba nimehamishwa. Tangu Jumatatu niko kwenye dawati la ukaribiaji, chini ya Lavrenty Osipovich. Lori litakaloruka Mei nitalifuata mimi kwa tarakimu, tangu linapotoka mikononi mwa roketi mpaka ndoano zifunge. Bibi alitaka kujua kwa nini lichukue siku mbili kufika wakati roketi hupanda kwa dakika tisa tu. Nikamweleza kwamba kituo hakikai mahali pamoja, kinaizunguka dunia, na lori huanza chini yake na nyuma yake. Aliye chini huenda kasi zaidi na njia yake ni fupi, kwa hiyo lori hulikaribia lengo kwa kukaa chini, na kila baada ya mizunguko kadhaa tunaliwashia injini lipande kidogo, mpaka linafika urefu uleule na mahali palepale kwa wakati mmoja. Tukilipandisha mapema, litabaki nyuma. Tukichelewa, litapita.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo chakula cha mwanangu mnakichelewesha kwa makusudi."

Matango atatia kwenye mfuko. Amekubali kwa shingo upande.

Mpwa wako,
Taisia


Kituoni, 25 Aprili

Tasya mpwa wangu,

Hongera. Dawati la ukaribiaji ndilo dawati pekee katika jumba lile ambalo watu wake hawanywi kitu kwa saa mbili wakati wa kazi, wakiogopa kwenda haja. Lavrenty ni mtu mgumu lakini hasemi uongo. Ukikosea mwambie kabla hajajua, naye hatakuuliza mara ya pili.

Tumepokea maelezo ya lori la Mei. Wamesema litakuja lenyewe: antena zake zitaongea na antena zetu, zitapimiana umbali na mwendo, litazunguka mpaka litazame mlango wetu wa nyuma, litatulia mita mia mbili, kisha litaingia polepole. Vizuri. Mimi na mipini yangu tutakaa tayari pembeni, kama kawaida. Nimefanya hivyo mara nne katika safari tatu, na mara mbili mtambo ulipokataa niliingiza lori kwa mkono. Linapoingia kwa mkono wewe unakuwa kama umekaa ndani yake. Kamera iko kwenye pua ya lori, picha inakuja kwetu, na unaiona nyumba yako mwenyewe inakujia. Wageni wanachanganyikiwa hapo. Mimi sichanganyikiwi.

Ildus aliniomba safari hii nimwachie yeye kiti endapo mtambo utakataa. Nikamwambia atapata zamu yake nywele zangu zikiota upya. Akasema atasubiri, yeye ana subira, babu yake alisubiri trekta miaka saba.

Nitumie magazeti. Hapa tunasoma karatasi za maelekezo tu, na zimechapwa kwa herufi za sisimizi, sijui nani siku hizi anazipanga.

Kesha


Podlipki, 7 Mei
(kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa, iende na lori)

Shikamoo Mjomba,

Hii haipiti kwa Klavdia. Nimeiandika usiku huu kwa sababu mfuko wa familia unasafirishwa kesho asubuhi kwenda kwenye uwanja wa roketi, nao wapakiaji hawafungui bahasha. Utaikuta chini ya soksi, pamoja na saumu, matango na magazeti.

Bibi hajambo. Anadai matango ya mwaka huu yamekosa ukakamavu kwa sababu ya mfuko.

Sasa nakuambia lililonifanya niandike kwa siri. Mazoezi yenu ya kila Jumanne yanateremka kwenye dawati letu kama tarakimu, na moja ya kazi zangu mpya ni kuyaweka kwenye kumbukumbu. Nimeyapitia ya tangu Februari. Ukikadiria umbali wa lori kwa miraba ya skrini, unakosea, na unakosea upande mmoja. Mtu anayekosea kwa uchovu hukosea huku na huku. Wewe kila mara unaliona liko karibu kuliko lilivyo. Mwezi wa pili tofauti ilikuwa mita chache. Mwezi wa nne, penye mia moja na sitini ulisema mia na kumi.

Nadhani najua sababu, na wewe nadhani unaijua. Picha ikiwa na ukungu, kingo zake hutanuka, na kituo huonekana kikubwa, yaani karibu. Huoni vizuri vitu vya karibu, Mjomba. Huko juu huwatokea wengi, na wewe una miaka hamsini na mbili.

Sijamwambia mtu. Daktari akijua atakuondoa kwenye mipini, na ukishaondolewa kwenye mipini hawatakurusha tena, sote tunafahamu. Kwa hiyo nimefanya hivi: ndani ya soksi ya kushoto kuna miwani. Nilimpa fundi vipimo vya Baba, maana umri wenu ni mmoja. Ivae Jumanne unapofanya mazoezi, tarakimu zako zitarudi sawa, na mambo yatakuwa yamekwisha kati yetu wawili. Lori hili litakuja lenyewe, mtambo umekaguliwa mara mbili. Tuna muda.

Nakupenda. Redioni sitakuambia hivi.

Taisia


Kituoni, 15 Mei

Tasya,

Salamu kwa wote. Tuko salama, kituo ni kizima, hakuna kilichogusana na kitu. Naanza na hilo ili Bibi asomewe mstari huo kwanza.

Ulikuwa dawatini jana kwa hiyo mengi unayajua. Nakuandikia yale ya upande wetu. Lori lilikuja vizuri mpaka mita mia nne. Hapo antena zikapotezana. Lilianza kutingisha pua kama mbwa aliyepoteza harufu. Lavrenty akasema "chukua," nikachukua. Nilikuwa na picha, nilikuwa na msalaba wa kulengea, mipini ikiitika vizuri. Nikaliweka sawa, nikalileta. Nilipoona limefika mia na ishirini nikapiga breki. Likapungua kuliko nilivyotaka. Unajua mwenyewe, huku likipungua mwendo halisimami kama barabarani, huanza kuzama na kuteleza upande. Nikalifuata kwa mpini wa kushoto, likateleza zaidi. Nikaamua kuliacha. Nikalisukuma lipite.

Ildus alikuwa dirishani. Alinionyesha kwa kidole na nikaliona kwa macho yangu likipita chini yetu, mabawa yote mawili, hata herufi zilizoandikwa ubavuni nilizisoma.

Jua lilikuwa limeingia kwenye kamera. Picha ilikuwa nyeupe upande mmoja. Nimeandika hivyo kwenye ripoti.

Sasa mnatuambia mtalitunza mbali na mtalirudisha tarehe ishirini na tatu. Sawa. Nitalileta.

Kesha


Podlipki, 16 Mei

Shikamoo Mjomba,

Bibi amesomewa mstari wa kwanza. Amesema asante, kisha akaomba asomewe na mingine.

Kwanza hali ya lori. Antena moja haikufunguka yote. Tumejaribu kuitikisa mara tano, haisogei. Kwa hiyo siku ya ishirini na tatu halitakuja lenyewe. Litaletwa kwa mkono tangu mita mia nne, au halitakuja. Mafuta yanatosha jaribio moja. Ndani yake kuna maji yenu na makopo ya hewa safi. Lori jingine haliwi tayari kabla ya Septemba. Likikosa mlango, mwezi ujao mtafunga kila kitu na kushuka, na kituo kitabaki kitupu. Likigonga, hayo hatuyaandiki.

Nimeangalia picha ya kamera ya juzi. Jua liliingia, ni kweli, lakini sekunde ishirini baada ya wewe kupiga breki. Uliposema mia na ishirini, rada ya ardhini ilikuwa na mia na sabini.

Mjomba, ndani ya lori hilo kuna mfuko wako, na ndani ya mfuko kuna barua yangu yenye maelezo niliyoyaona kabla ya safari. Niliiandika ili asiisome mwingine. Nikaipakia ndani ya kitu kilekile ilichokuwa inakuonya juu yake, nikajiona mwerevu. Sasa iko kilomita mia tatu nyuma yenu na haifiki mpaka mtu aiingize. Kwa hiyo yaliyomo nayasema hapa, na Klavdia ataniwia radhi kwa kumchapisha jambo hili.

Macho yako ya karibu yamedhoofika. Tarakimu zako za mazoezi zinaonyesha hivyo tangu Februari. Nilimweleza Lavrenty Osipovich leo saa tatu asubuhi, nikampa karatasi zote, kabla ya kukuandikia wewe. Aliniuliza kwa nini sikusema Aprili. Nilimwambia kwa sababu ni mjomba wangu. Akaniambia nirudi kwenye dawati.

Daktari atakupima kesho kwa redio.

Taisia


Kituoni, 19 Mei

Kwa Taisia, dawati la ukaribiaji.

Nimepimwa. Daktari amepata alichokitafuta. Kuanzia nusu mita kuja usoni sioni vizuri; kwenda mbali naona kama mwewe. Hayo yako kwenye taarifa, soma huko.

Lavrenty amenipigia. Amesema kanuni haijabadilika: anayeamua nani akae kwenye mipini ni kamanda aliyeko kituoni, na yeye hatanipa amri akiwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu kilomita mia nne chini yangu. Amesema hivyo mbele ya zamu nzima. Namshukuru.

Nimeendesha malori haya kabla hujajua kuendesha baiskeli, na baiskeli nilikufundisha mimi. Ildus ana saa arobaini za mazoezi na hajawahi kuligusa lori la kweli. Skrini naweza kuisogelea au kuikimbia. Naweza kufanya mengi.

Sijaamua. Nikiamua nitamwambia Lavrenty.

Wewe umefanya kazi yako.

I. S. Dubrovin, kamanda


Podlipki, 20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Leo nina habari za nyumbani tu.

Nilikwenda Kaluga jana baada ya zamu, nikarudi na treni ya mwisho. Bibi alikuwa anahamisha miche kwenda bustanini, nikamsaidia. Ilibidi nimweleze, maana mama alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa mke wa mtu na kumpigia simu, na amemwambia nusu tu, ile mbaya.

Bibi hakuacha kuchimba. Alisema, "Macho? Baba yake alipofika hamsini alikuwa anasoma gazeti kwa kulishika mpaka mlangoni. Mkono ulipomwishia alinipa mimi nimshikie." Nikamuuliza kama Babu aliona aibu. Akasema, "Aliona aibu wiki moja. Baadaye alizoea, akawa ananiambia nisogee nyuma kidogo, nisogee mbele kidogo, kama mpiga picha. Mimi nikachoka kabla yake."

Kisha akauliza Ildus ni mtoto wa nani. Nikamwambia ninachojua: Kazan, baba yake dereva wa kreni, mama yake mpishi wa shule, ana binti mmoja. Bibi akataka kujua kama mkono wake ni mtulivu. Nilimwambia nimeona tarakimu zake za mazoezi. Akasubiri. Nikamwambia ni mtulivu.

Ameniagiza nikuambie nyanya zimeshika.

Zamu ya tarehe ishirini na tatu ni yangu. Nitakuwa kwenye masikio yenu tangu kilomita tatu.

Taisia


Kituoni, 2 Juni
(kwa mkono, inashuka na wageni wetu mwezi huu)

Mpwa wangu Tasya,

Hii pia haipiti kwa Klavdia. Wageni wakifika wiki ijayo watakaa siku nane, kisha nitawapa bahasha hii washuke nayo. Kwa hiyo utaisoma wakati mambo yote yamekwisha kupoa, na ni vizuri hivyo.

Wasalimie wote. Matango yamefika. Mwambie Bibi ukakamavu wake haukupungua, Ildus alipouma la kwanza nililisikia kutoka chumba cha pili. Saumu tumeanza kuila kama tufaha. Lori lilipofunguliwa lilinuka kama ghala lake la Kaluga.

Nimeisoma barua yako ya tarehe saba. Nimeisoma mara tatu, kwa miwani, na vipimo vya baba yako vinanifaa. Nataka nikuambie jambo moja kuihusu, kisha tusirudi tena huko. Uliandika kwa upole kuliko ulivyosema redioni. Ningeipata kwa wakati, kama ulivyopanga, ningeikunja, ningeitia mfukoni, ningevaa miwani yako kila Jumanne, na tarehe ishirini na tatu ningekaa mwenyewe kwenye mipini. Ungekuwa umenipa njia ya kunyamaza na ningeipita mbio. Ile ya redioni haikunipa njia. Ilinikasirisha siku tatu. Sikuzungumza na Ildus ila kwa mambo ya kazi, naye alinifanyia chai asubuhi zote tatu bila kuuliza.

Siku ya nne, yaani ishirini, ilikuja barua yako yenye habari za nyumbani tu. Niliisoma, nikaenda kwenye skrini ya mazoezi peke yangu. Nilijaribu kwa karibu, nikajaribu kwa mbali, nikajifunga kwa mkanda mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Kwa mbali picha ilikuwa safi kabisa. Ila mikono haikufika kwenye mipini. Nilicheka. Nilimwita Ildus, nikamwambia akae. Nikamwambia, "Wewe shika. Mimi nitakuwa dirishani na kipima umbali, nitakusomea mita. Miraba usiihesabu kabisa, sahau kama ipo. Wewe tazama msalaba tu."

Kipima umbali kile unakitazama kama darubini, na tarakimu zake zinaonekana zikiwa mbali, kama zimeandikwa angani. Hizo nazisoma bila shida. Tulifanya mazoezi siku mbili, mimi nikimpigia kelele kutoka dirishani kupitia mlangoni, yeye akirudia kila tarakimu. Siku ya pili nikaacha kumrekebisha, kwa sababu hapakuwa na la kurekebisha. Ndipo nilipomwambia Lavrenty. Aliuliza swali moja, kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Imeandikwa."

Tarehe ishirini na tatu wewe ulikuwepo, ulisikia sauti. Ila ulisikia tarakimu tu, kwa hiyo nakupa picha.

Tulitoka gizani lori likiwa kilomita moja na nusu. Lilianza kama nyota, likawa kitu, likaota mabawa. Mita mia nne ulisema "lenu," na Ildus akachukua. Nilimsikia anavuta pumzi na kuitoa, basi. Nikasoma: mia tatu na hamsini. Mia tatu. Kila alipogusa mpini nililiona lori likitoa pumzi nyeupe ubavuni, fupi, na kutulia. Alikuwa anagusa kidogo kuliko mimi. Nilikuwa nimemwambia kwa miezi mitatu kwamba anakamua ng'ombe, na kumbe anayekamua vizuri ndivyo anavyogusa.

Mia na sabini, palepale nilipopigia breki, nilisoma tarakimu, nikanyamaza. Hakupiga breki. Mia na ishirini akapiga. Lilipungua kama inavyotakiwa na halikuteleza popote.

Sasa la baadaye unalijua: mchi wa mbele wa lori uliingia kwenye faneli ya mlango wetu, ukateleza mpaka katikati, ukashikwa, kituo kikatikisika mara moja, kijiko kikaelea kutoka mezani, ndoano zikafunga, tukapima hewa saa moja na nusu kabla ya kufungua. Mliposhangilia nilikusikia wewe hukushangilia. Ulikuwa unasoma shinikizo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nikishuka Septemba wataniondoa kwenye orodha ya warukao. Nimewaambia madaktari wasinitafutie kisingizio na wasiniandikie pole. Lavrenty ameniambia kuna darasa la vijana sita wanaosubiri mwalimu wa mipini, na kwamba darasani mwalimu husimama nyuma, mbali na skrini. Alisema hivyo bila kucheka, unamjua. Nimekubali. Lori la Septemba ataliingiza Ildus, na la Desemba, na huenda siku moja akawa na mtu wa kumtukania mikono yake.

Nimebakiza jambo moja ambalo halikupita redioni, kwa sababu hapo karibu na mlango tulikuwa tumezima kipaza sauti cha ndani ili tusikusumbue.

Kwetu kuna desturi, unaijua. Hata kama kijana ndiye aliyeliongoza lori tangu mbali, mita za mwisho humwachia kamanda. Haikuandikwa popote. Nilifanyiwa hivyo mimi nilipokuwa kijana. Nilileta lori mpaka mlangoni, kisha nikainuka nikampisha mkubwa wangu, naye akaligusisha, na magazeti yakaandika jina lake. Sikuona vibaya. Nami baadaye nilipishwa.

Mita thelathini na mbili Ildus alilisimamisha. Lilisimama kabisa, limenyooka, linatutazama. Aliita kutoka chumba cha pili, sauti ya kawaida, "Kamanda, njoo umalizie. Nimekuwekea."

Nilikuwa nimekwisha kuachia kishikio cha ukutani. Nakuambia wewe, sitamwambia mwingine. Kipima umbali kilikuwa kinaelea kando yangu na miguu ilikuwa imegeukia mlango. Chumba cha pili ni mkono mmoja wa kusukuma, ungefika. Na kwa mita thelathini msalaba ni mkubwa, hata mimi ningeuona. Karibu ningeuona.

Nikakishika tena kile kishikio, nikakamata kipima umbali, nikarudi kwenye kioo.

"Thelathini na mbili," nikamsomea. "Lilete wewe."

Mjomba wako,
Kesha